TUULIZANE: Huyu Mkutubi wa Jimbo anagonga mihuri au anakaa na Gavana?

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba kule Marekani kila jimbo lina mkutubi wake mkuu, kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi, nimechagua matano, mengine yanafanana sana na wenyewe watajikuta humuhumu.

SWALI: Mzee Rafu shikamoo. Binamu yangu anaishi Sacramento, makao makuu ya jimbo la California, juzi katuma picha kwenye grupu la familia yupo na mtu wa suti, kaandika "leo nimekutana na Mkutubi wa Jimbo la California". Hapa nyumbani tumebishana mpaka chai ikapoa. Baba anasema mkutubi ni yule wa kaunta anayegonga mhuri na kukwambia punguza sauti, mama anasema huyo lazima awe kama waziri. Nani kashinda? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe mama ushindi ila mwambie asishangilie sana.

Mkutubi wa Jimbo la California anateuliwa na gavana na Seneti ya jimbo ndo inampitisha, kwahiyo kwa karatasi ni mkubwa kweli wa serikali. Lakini kitu ambacho wengi hawakijui, hata huko huko Marekani, ni kwamba huyu bwana sio bosi wa maktaba za mitaani. Ukienda maktaba ya Fresno au Oakland yule wa kaunta kaajiriwa na mji au kaunti, mkutubi wa jimbo hawezi kumpigia simu akamwambia kesho fungua saa mbili. Yeye silaha zake ni mbili tu, pesa na maneno. Pesa kwasababu mwaka 1956 Rais Eisenhower alisaini sheria ya kusaidia maktaba za vijijini, zile za sehemu zenye watu chini ya 10,000, na toka hapo hela ya serikali kuu ya maktaba ikawa inapita kwenye ofisi za majimbo kama hiyo ya Sacramento ndo igawanywe. Na maneno kwasababu ukishakuwa huwezi kumlazimisha mtu basi inabidi umbembeleze. (Hawaii tu ndo tofauti, kule maktaba zote za umma za visiwa vyote ni mfumo mmoja wa jimbo na Mkutubi wa Jimbo ndo bosi wa wote mpaka wa kaunta.)

Afu ana maktaba yake mwenyewe. Hapo Sacramento wanatunza machapisho ya serikali ya jimbo, wana vitabu vya sheria, wana chumba kizima cha historia ya California, wana kitengo cha utafiti ambacho wabunge wa jimbo wakitaka kujua kitu kabla hawajabishana bungeni wanauliza, na wana huduma ya vitabu vya nukta nundu na vya kusikiliza kwa wasioona. Na tangu 2022 kuna kitu nilikipenda sana, unaenda maktaba ya mtaani kwako unaazima kibali cha kuingiza gari kwenye hifadhi za jimbo, yani unakiazima kama kitabu, unapeleka watoto wakaone miti na bahari, afu unarudisha. Hiyo imetoka ofisi ya mkutubi wa jimbo ikishirikiana na idara ya hifadhi za jimbo. Sasa muulize baba kama huyo ni mtu wa kugonga mihuri.

Lakini baba nae asinune, maana cheo chenyewe kilianza kidogo kuliko hata anavyofikiria. Maktaba ya jimbo ya California iliundwa kwa sheria tarehe 24 Januari 1850, California yenyewe ikawa jimbo rasmi Septemba mwaka huohuo, yani kabati la vitabu lilitangulia jimbo! Mtaji wa kuanzia ulikuwa vitabu kama 100 alivyotoa John C. Frémont, mvumbuzi na mwanasiasa wa enzi hizo. Na havikuwa vya mimi na wewe, vilikuwa vya wabunge na majaji ili watunge sheria na kuamua kesi wakiwa na kitu mbele yao. Mkutubi hakuwepo kabisa, Katibu wa Jimbo ndo alibebeshwa na hiyo kazi juu ya zake. Kwahiyo miaka ile ya mwanzo "Mkutubi wa Jimbo" alikuwa mtu mwenye shughuli zake ambaye pia ana funguo za kabati.

SWALI: Habari Mzee Rafu. Mimi nasoma ukutubi mwaka wa pili, nikiwaambia watu wananiuliza "kumbe kupanga vitabu kunasomewa?" Swali langu, huyo mkubwa wa jimbo lazima awe amesoma ukutubi au wanampa tu rafiki wa gavana? – Dada wa mwaka wa pili, Bagamoyo

JIBU: Dada, hapa nitakuudhi kidogo afu nitakupoza.

Mkutubi wa jimbo maarufu kuliko wote katika historia ya California hakusomea ukutubi. Anaitwa James Gillis. Alizaliwa 1857, alianza kazi ya reli akiwa bado mtoto, anatumwatumwa na ujumbe, akapanda polepole mpaka akawa mtu mzito humo, akafanya kama miaka 20 hivi. Alipotoka reli akaingia kwenye kazi za bunge la jimbo, akajuana na wabunge, na mwaka 1899 akapewa ukutubi wa jimbo. Yani ukisikia "alipewa kwa kujuana" ujue ndo hivo, kazi enzi hizo zilikuwa zinagawiwa kama pilau ya harusi, anayekaa karibu na sufuria ndo anapata nyama.

Sasa angalia alichokifanya. Jamaa wa reli anajua kitu kimoja vizuri kuliko wewe na mimi: mzigo ukikaa stesheni haujamsaidia mtu. Akaangalia ile maktaba, vitabu vipo vingi, vimepangika, na anayeruhusiwa kuazima ni wabunge na wakubwa. Akafungua milango raia wa kawaida nae akaanza kuazima. Afu mwaka 1903 akaanza kutoa vitabu nje kwa masanduku, sanduku moja lina vitabu kama 50, kijiji ambacho hakina maktaba kinaomba, kinaletewa, wanasoma miezi mitatu, wanarudisha wanaletewa sanduku jingine. Wazo lenyewe hakulibuni yeye, New York walishaanza miaka kumi nyuma, lakini yeye ndo alilipeleka kwenye milima na mashamba ya huko. Mwaka 1904 wakaanza kuwaazima vitabu wasioona.

Ila masanduku yana shida, na Gillis aliiona mwenyewe mapema. Sanduku halijui msomaji anataka nini. Kijiji kinataka kitabu cha kufuga kuku, sanduku linaleta mashairi na maisha ya majenerali. Kwahiyo akaanza kupigania kila kaunti iwe na maktaba yake yenye kodi yake na matawi yake, mpaka tawi la kwenye kona ya duka. Sheria ilipita 1909, ikarekebishwa 1911. Na hapa sasa ndo penye kazi ya maneno niliyomwambia yule wa Morogoro, maana sheria haikumlazimisha mtu, ilisema kaunti ikitaka ianzishe. Nani akawafanye watake? Gillis akamchukua mwalimu mkuu wa sekondari ya Elk Grove, mwanamke anaitwa Harriet Eddy, ambaye tayari alishahangaika mpaka mji wake ukapata tawi la maktaba mwaka 1908. Huyu mama akawa anazunguka kaunti moja baada ya nyingine, kwa treni, kwa gari la farasi, kwa motokari za enzi zile barabara za vumbi, anakaa na wakulima, anakaa na madiwani, anakunywa kahawa zao, anaeleza, anarudi tena. Gillis alipofariki 1917 zaidi ya nusu ya kaunti 58 za jimbo zilikuwa na maktaba. Harriet Eddy baadae aliitwa mpaka Urusi ya Wasovieti mwaka 1927 akawaeleze mambo ya maktaba, kwa hiyo usije ukadharau kazi ya kuzunguka vijijini na kahawa.

Sasa nikupoze. Huyo huyo Gillis asiyesoma ndo alifungua darasa la ukutubi ndani ya maktaba ya jimbo, maana alijua kujuana kunampa mtu kiti lakini hakumpi ujuzi. Aliyemfuata, Milton Ferguson, alikuwa mkutubi wa kazi kweli, alikuwa msaidizi wake. Baada ya Ferguson mwaka 1930 akaja Mabel Gillis, ndio, binti yake, mwanamke wa kwanza California kushika hicho cheo, na kabla hujasema "si nilijua" ujue alianzia humo humo chini kwenye vitabu vya wasioona, alipopewa kiti alishakula chumvi nyingi, na alikaa mpaka 1951. Mwaka 1994 hadi 2004 alikuwa Kevin Starr, mwanahistoria mkubwa wa California ambae ukutubi pia aliusoma. Mwaka 2014 akateuliwa Greg Lucas, mwandishi wa habari za siasa, wakutubi wakanung'unika sana kwamba hana cheti, jamaa akaenda darasani akasoma.

Mimi maoni yangu, na hapa wenzangu wa zamani watanipigia simu, ni bora mtu wa reli anayejua mzigo lazima utembee kuliko msomi anayefurahia rafu zikiwa zimejaa, kumbe maana yake hakuna aliyeazima. Wewe soma, ila usisomee rafu.

SWALI: Mzee wetu, haya ya California sisi yanatuhusu nini? Mbona usituandikie ya hapa kwetu? – Msomaji mwenye hasira kidogo, Nairobi

JIBU: Hasira zako nimezipokea, na nina jibu ambalo litakukalisha kitako.

Nimemtaja Milton Ferguson hapo juu. Mwaka 1928, akiwa bado ni Mkutubi wa Jimbo la California, shirika la Carnegie la New York lilimlipia safari kuja Afrika kuangalia hali ya maktaba, yeye na mwenzake Septimus Pitt, mkutubi wa mji wa Glasgow. Ripoti ya Ferguson ilihusu Afrika Kusini, Rhodesia na, sikiliza, Koloni la Kenya. Yani mrithi wa yule mtu wa reli alipita hapohapo unapokaa wewe.

Na kilichofuata unakijua, umepita mbele yake mara mia. Maktaba ya McMillan, ile yenye nguzo kubwa na simba wawili mlangoni. Ilifunguliwa 1931, aliijenga Lady Lucie McMillan kwa kumbukumbu ya mume wake William Northrup McMillan, Mmarekani aliyekuja kuwa mlowezi na bwana shamba mkubwa, aliyezikwa kule Ol Donyo Sabuk. Carnegie nao waliweka hela yao. Sasa uchungu uko hapa: jengo la kumbukumbu ya Mmarekani, hela ya Mmarekani, baada ya ziara ya mtu ambaye kwao alikuwa anahubiri maktaba ya kila mtu mpaka wa shambani, na babu yako hakuruhusiwa kuingia. Ilikuwa ya Wazungu, mpaka uhuru ulipokaribia ndo ikafunguliwa kwa watu wote. Masanduku yalisafiri, milango haikusafiri.

Kilichomfikia babu yako ni kitu kingine. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, hii ilikuwa ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, na pamoja na kuchapisha vitabu walikuwa na masanduku ya vitabu na huduma ya kuazima kwa posta. Hili nalijua kwa macho. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mbali na barabara, na kitabu chake kilikuwa kinakuja kwa posta kimefungwa karatasi ya kaki. Karatasi ile mama alikuwa hatupi, anainyoosha kwa kiganja mezani anaikunja, ndo ilikuwa jalada la daftari zetu. Kitabu tulikuwa haturuhusiwi kugusa kabla hatujanawa, na sio tu kunawa, unyooshe mikono aione imekauka. Mpaka leo mtu akinishikia kitabu na mikono ya chipsi roho inaniuma.

Mwaka 1960 akaja S. W. Hockey akatoa ripoti kuhusu maktaba za Afrika Mashariki, na nchi zikaanza kutunga sheria zao: Tanganyika 1963, Kenya 1965. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Kwahiyo ukiuliza nani kwetu ni "Mkutubi wa Jimbo", Tanzania hatuna majimbo ya hivo, mtu wa karibu nae ni Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Huduma za Maktaba, ambae tofauti na mwenzake wa California, yeye maktaba za mikoani ni zake kweli. Nyie Kenya ndo mmebadilika, katiba ya 2010 imeziweka maktaba kwenye kazi za kaunti, kaunti 47, kila moja na bajeti yake na gavana wake. Sasa umeona kwanini ya California yanakuhusu? Kule sheria iliziacha kaunti zenyewe ziamue kuanzisha, na zilihitaji mtu wa kuzunguka na kunywa kahawa nazo mpaka zikataka. Kwenu wa kuzunguka ni nani? Hilo nakuulizeni nyie, nitachapisha majibu.

SWALI: Ofisi moja huku kwetu paa lilivuja masika, mafaili ya viwanja vya watu yakaloana yote, tukaambiwa "Mungu ndo kapanga". Je huko Marekani nao hupoteza? – Mwenye kiwanja kisicho na faili

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hupoteza, tena vibaya. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1911 jengo la bunge la jimbo la New York pale Albany liliwaka moto, na maktaba ya jimbo ilikuwa humohumo ndani. Viliungua vitabu kama 450,000 na maelfu kwa maelfu ya nyaraka za mkono. Mlinzi mzee wa usiku alifia ndani. Na kinachouma, jengo jipya la kuhamia lilikuwa linamaliziwa, walihama mwaka uliofuata.

Ila kuna kitu kidogo hapo ambacho nakupa wewe hasa. Palikuwa na mtunza nyaraka anaitwa van Laer, ana asili ya Uholanzi, kazi yake kutafsiri nyaraka za Waholanzi za miaka ya 1600 wakati New York ilikuwa yao. Nyaraka zile zilikuwa zimewekwa rafu za chini, juu yake zimekaa za Waingereza. Moto ukaanza na za juu, zikaungua, zikaporomoka zikafunika za chini kama blanketi. Za Waholanzi zikapona nyingi, zimeungua kingo tu. Tafsiri zake mwenyewe alizokwisha kuzifanya ndo zikaungua, na akaanza upya. Kwahiyo ukisikia mtu anabishana kuhusu faili likae rafu ipi usimcheke. Mungu anapanga, sawa, lakini paa anapanga fundi.

Na kwakuwa tupo Albany, kuna watatu wameniuliza kuhusu zile namba za mgongoni mwa vitabu, kitabu cha Kiswahili kina 496.392, nani kazitunga. Ni Melvil Dewey, alizitoa 1876 akiwa na miaka 24 tu, na baadae akawa Mkutubi wa Jimbo la New York kuanzia 1889. Yale masanduku ya kwanza ya kusafiri ni kazi ya ofisi yake. Hapo hapo alikuwa na klabu yake ya mapumziko kule Lake Placid ambayo iliandika waziwazi kwamba Wayahudi hawaingii, watu wakapeleka malalamiko, 1905 ikabidi aachie ukutubi wa jimbo. Pia wanawake wa kazini walimlalamikia kwa tabia zake. Mwaka 2019 chama cha wakutubi Marekani kikaondoa jina lake kwenye medali yao. Namba zimebaki. Ndo maana nikasema hapo mwanzo cheo ni cha serikali, anayekikosea anawajibishwa na raia, sio mali ya mtu hata kama ndo alipanga dunia nzima kwenye makundi kumi ya namba.

SWALI: Mzee Rafu, samahani swali la kijinga. Mkutubi limetoka na kutubu? – Msomaji wa Lindi

JIBU: La hasha, na sio la kijinga. Kutubu ni ndugu yake toba. Mkutubi ni wa ukoo mwingine, anatoka kwenye neno la Kiarabu kutub, yani vitabu, na ndugu zake ni kitabu, maktaba, katiba na katibu. Katibu, umeona? Kwahiyo California mwaka 1850 walipompa Katibu wa Jimbo funguo za maktaba, kwa Kiswahili walikuwa wamempa mtu kazi ya nduguye tu, wenyewe hawakujua.

Ingawa yule jamaa wa Temeke aliyeazima kamusi yangu toka kabla ya korona, huyo na atubu.